Fildi Masho Musa Mwariama: Kusameheana au Kusamehewa?

Ipo picha ya Disemba 1963 ambayo Wakenya wengi wameiona, hata wale wasioweza kuwataja kwa majina waliomo. Mmoja wao ni Mzee Jomo Kenyatta, Waziri Mkuu wa taifa lililokuwa changa mno. Mwenzake ni mwanamume mwenye nywele ndefu zilizosokotana, nywele zisizoguswa na wembe kwa miaka mingi ya msituni. Huyo ndiye Musa Mwariama, mzaliwa wa Tigania katika nchi ya Wameru, ambaye anatajwa kuwa kiongozi wa cheo cha juu kabisa katika Mau Mau aliyevimaliza vita vile bila ya kuuawa wala kukamatwa. Wengi huitazama picha hii kama picha ya upatanisho. Makala haya yanasimulia maisha ya Mwariama kwa nia ya kuuliza swali ambalo picha yenyewe hailijibu: siku ile, ni nani aliyekuwa akimsamehe nani?

Mwariama alizaliwa mwaka 1928 huko Muthara, kwenye miinuko iliyo karibu na safu ya milima ya Nyambene. Alizaliwa katika jamii ambayo utambulisho wake wote umejengwa juu ya kumbukumbu ya dhuluma. Mzee yeyote wa Kimeru aliyefundwa akafundika atakusimulia habari za Mbwaa, mahali penye maji ambapo wahenga wao waliishi utumwani chini ya watu wa nguo nyekundu, hata wakatoroka usiku na kuyavuka maji kuelekea bara. Baadhi ya wanahistoria hupahusisha Mbwaa na kisiwa cha Manda, jirani na Lamu. Sisi tunaosoma fasihi ya pwani tunapaswa kuguswa na jambo hilo, maana pwani tunayoihusisha na tenzi na mashairi, kwa Wameru ni nchi ya kongwa. Hata hivyo, sijapata kusikia Mmeru akimdai mtu wa Lamu fidia ya Mbwaa. Kisa kinasimuliwa, vijana wanakijua, na chuki haimo. Msomaji aliweke jambo hili akilini, kwa kuwa tutalihitaji huko mbele.

Aidha, jamii hii ilikuwa na njia zake za kumaliza uhasama. Damu ya mtu iliyomwagika ililipiwa mifugo mbele ya wazee, na hapakuwa na suluhu kabla ya malipo. Ilikuwapo pia gichiaro, undugu wa kiapo baina ya koo au makabila, ambao uliwafunga wahusika wasidhuriane, wala asiweze mmoja kumnyima mwenziwe anachokihitaji. Katika mila hizi zote mbili ninaona sharti moja: pande zote mbili ziwepo, na kila upande uwe na la kutoa. Hakuna gichiaro ya mtu mmoja.

Serikali ya kikoloni ilipotangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952, Mwariama alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne. Kwa kawaida historia ya Mau Mau husimuliwa kana kwamba ilikuwa ya Wakikuyu peke yao. Nyaraka za serikali hazikufanya kosa hilo: ziliwataja pamoja Wakikuyu, Waembu na Wameru, na amri nyingi za kuwabana watu ziliwahusu wote watatu. Embu ilikuwa na majemadari wake, akiwamo Jenerali Kubu Kubu aliyeuawa wakati wa vita. Meru ilikuwa na Mwariama, na ilikuwa na Baimungi M'Marete, ambaye naye alivaa cheo cha Fildi Masho. Misitu ya Mlima Kenya upande wa mashariki ndiyo iliyokuwa ngome yao.

Lakini Wameru hawakuwa kitu kimoja, na hapa ndipo penye mzizi wa majonzi yaliyofuata. Baraza la wazee la Njuri Ncheke, lenye makao yake Nchiru, lilitumiwa na serikali kukipinga kiapo cha Mau Mau. Walikuwapo machifu, walikuwapo homgadi, na walikuwapo waliopewa vyeti vya uaminifu. Katika uchaguzi wa Machi 1957, Bernard Mate, mwalimu kutoka Meru, alimshinda Eliud Mathu katika Mkoa wa Kati, na sababu mojawapo ni kwamba haki ya kupiga kura ilitegemea cheti hicho cha uaminifu, na vyeti vilikuwa vingi zaidi upande wa Meru kuliko Ukikuyuni. Hivyo mwaka uleule ambapo Mwariama alikuwa akiwindwa msituni, majirani zake walikuwa wakipanga foleni kumchagua mwakilishi wao. Sisemi haya kumshutumu Mate, ambaye hakuutunga utaratibu ule. Nayasema ili ieleweke kwamba mpasuko ulipita katikati ya boma.

Kuanzia mwaka 1954 watu zaidi ya milioni moja walihamishwa kwa nguvu na kurundikwa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa mahandaki na ua wa miti iliyochongwa. Nyanya yangu, aliyekulia upande wa Runyenjes, alikuwa miongoni mwao. Alikuwa na kaka aliyeingia msituni na hakurudi. Jirani yao wa kijijini, mlango wa tatu kutoka kwao, alikuwa homgadi. Vita vilipokwisha familia hizi mbili zilipata mashamba yanayopakana, kisima kikawa kimoja. Nyanya aliwasalimu kila asubuhi kwa adabu zote, akawakopesha chumvi na kiberiti, lakini katika maisha yangu sikumwona hata siku moja akila wala kunywa ndani ya nyumba ile. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni maradhi ya tumbo.

Dedan Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 na akanyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Kwa vitabu vingi vya shule, vita vinaishia hapo. Kwa Mwariama vilikuwa bado. Alibaki msituni miaka sita mingine na zaidi, akapitia kuondolewa kwa Hali ya Hatari mwaka 1960, kuachiliwa kwa Kenyatta mwaka 1961 na uchaguzi wa Mei 1963, bila ya kutoka. Ustahimilivu wa namna hiyo si rahisi kuuelewa kwa mtu anayeandika akiwa maktabani. Zaidi ya watu elfu moja walikuwa wamenyongwa kwa makosa ya Mau Mau, na wengine maelfu walikuwa wameuawa msituni. Kila aliyebaki alikuwa amewazika wenzake kwa haraka, pengine bila ya kuwazika kabisa. Si ajabu kwamba P. M. Kareithi alipoiandika riwaya yake ya Kiswahili kuhusu vita hivi mwaka 1969, aliipa jina la Kaburi Bila Msalaba.

Wakati Mwariama yumo msituni, huko nje lugha ya taifa jipya ilikuwa ikitungwa. Kenyatta alikuwa na haki ya kuwa na kinyongo kuliko wengi. Alihukumiwa mwezi wa Aprili 1953 kifungo cha miaka saba kwa ushahidi ambao sehemu yake kubwa ilitoka kwa Rawson Macharia, naye Macharia mwenyewe aliapa mwaka 1958 kwamba ushahidi ule ulikuwa wa uongo uliolipiwa. Kenyatta alipokuwa mtawala hakumfuata Macharia, ambaye aliishi nchini hadi mwaka 2008. Huo ulikuwa msamaha wa mtu binafsi, nao ni halali yake kamili: aliyefungwa ni yeye, aliyesamehe ni yeye. Hata kitabu cha hotuba na kumbukumbu zake cha mwaka 1968 alikiita Suffering Without Bitterness, yaani mateso yasiyoacha uchungu.

Tarehe 12 Agosti 1963 alikwenda Nakuru, katikati ya nchi ya walowezi, akawahutubia wakulima Wazungu mia kadhaa waliokuwa wakihofia kisasi. Aliwaomba wabaki na walime. Akawaambia kwamba ikiwa yeye amewakosea, ni juu yao kumsamehe, na ikiwa wao wamemkosea, ni juu yake kuwasamehe. Waliomchukia kwa miaka kumi na zaidi waliondoka wakimpigia makofi.

Mwanafunzi wa sarufi ya Kiswahili atatambua mara moja kilichotendeka Nakuru. Kitenzi kilichotumika, kwa maana ikiwa si kwa neno, kiko katika kauli ya kutendana: tusameheane. Pande mbili zilitajwa, kila upande ukakubali kwamba huenda una deni. Ni karibu sana na gichiaro.

Sasa tumrudie Mwariama. Baada ya Uhuru wa tarehe 12 Disemba 1963, wapiganaji wa msituni waliitwa watoke na kusalimisha silaha, na wakapewa msamaha wenye muda maalumu uliofika ukingoni Januari 1964. Mwariama alitoka. Picha ikapigwa. Hapa kitenzi kimebadilika bila ya yeyote kutangaza: hakikuwa tena kusameheana, bali kusamehewa, kauli ya kutendwa. Aliyepigania Uhuru alipokelewa na serikali ya Uhuru kama mtu aliyefutiwa kosa. Kosa lipi? Sheria ya mwaka 1950 iliyolipiga marufuku kundi la Mau Mau ilikuwa ingali hai, na serikali mpya haikuifuta. Mlowezi wa Nakuru aliombwa radhi. Mwariama alipewa radhi. Tofauti hii ya viambishi viwili, -ana na -wa, naiona kuwa kubwa kuliko tofauti zote za kisiasa zilizoandikwa kuhusu kipindi kile.

Isitoshe, kwa wapiganaji msamaha ulikuja umefungwa pamoja na amri nyingine, nayo ni ya kusahau. Mnamo mwaka 1962, huko Githunguri, Kenyatta alikwisha kuifananisha Mau Mau na maradhi yaliyotokomezwa na ambayo hayapasi kukumbukwa tena. Kiswahili kina methali iliyozoeleka mno katika majukwaa ya siasa, kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Mzee aliigeuza methali hiyo juu chini: yaliyopita yakawa ndio ndwele yenyewe. Naye mtu aliyefanywa maradhi hawezi kushiriki katika tiba. Kinachotakiwa kwake ni kutoweka.

Sidhani kwamba Kenyatta alikosa hekima. Nchi ilikuwa imejaa watu waliouana. Wana wa homgadi na wana wa msituni walikuwa wakisoma darasa moja, na baadhi ya waliokuwa watiifu kwa Mwingereza ndio waliokuwa na elimu ya kuendesha ofisi za serikali. Laiti kila mtu angeidai damu yake, Uhuru ungeanza kwa mazishi. Msomaji aliyeona Wakenya wakiuana baada ya uchaguzi wa Disemba 2007 hawezi kuidharau hofu hiyo. Wala msamaha wa Mzee haukumfikia kila mtu: Ian Henderson, ofisa wa polisi aliyeongoza msako wa Kimathi, alifukuzwa nchini mwezi wa Agosti 1964. Ninachokitilia shaka ni kitu kimoja tu, yaani kuwasamehe wakosaji kwa niaba ya watu ambao hawajaulizwa.

Baimungi M'Marete hakukubali. Yeye na watu wake walitoka baada ya Uhuru, wakatazama, wakaona mashamba makubwa ya walowezi yangali na wenyewe na nyadhifa zikiwa mikononi mwa wale waliowapinga. Ardhi iliyotolewa katika mipango ya makazi ilikuwa ya kununuliwa kwa mkopo, nao walikuwa wametoka msituni na ngozi walizovaa. Walidai ardhi bila ya malipo, wakakataa kuzitoa silaha, na hatimaye wakarejea msituni. Mapema mwaka 1965 Baimungi aliuawa na vikosi vya usalama vya Kenya huru. Inafaa kukumbuka kwamba mkuu wa jeshi la Kenya wakati huo alikuwa bado ofisa wa Kiingereza. Mwafrika wa kwanza, Joseph Ndolo, alikabidhiwa cheo hicho mwishoni mwa 1966. Waziri wa Ardhi na Makazi, kwa upande mwingine, alikuwa Mmeru, Jackson Angaine, mtoto wa chifu ambaye yeye mwenyewe alionja kizuizini wakati wa Hali ya Hatari. Maisha hayakuwapanga watu katika safu mbili zilizonyooka.

Ni rahisi kumsoma Mwariama kama aliyesamehe na Baimungi kama aliyekataa kusamehe. Nimeusikia usomaji huo katika semina mojawapo, na sikuridhika nao. Baimungi hakuwa akidai roho ya mtu. Alikuwa akidai kile ambacho mila ya kwao ingekidai kabla ya suluhu, yaani malipo, na aliyadai kwa wakati ambapo serikali ilikwisha kuamua kwamba hesabu imefungwa. Kuhusu Mwariama, tunachojua ni kwamba alitoka na akasimama mbele ya kamera. Hakuna anayeweza kuapa kwamba moyoni mwake alikuwa amesamehe. Mwenye kovu usidhani kapoa. Huenda alitoka kwa kuwa alikuwa na miaka thelathini na mitano, na ujana wake wote umekwisha chini ya mianzi ya Mlima Kenya.

Mwariama aliishi miaka ishirini na sita baada ya picha ile. Hakupata wizara wala kiti cha enzi chochote. Alishuhudia Kenyatta akifariki mwaka 1978 na Moi akishika usukani kwa wito wa kuzifuata nyayo. Vijana wa rika langu, waliosoma Mzalendo Kimathi katika tafsiri ya Raphael Kahaso, walimpata Kimathi jukwaani akiwa shujaa mkamilifu, kwa kuwa aliyekufa hawezi kuwaaibisha waliobaki. Aliyebaki hai ana shida zake: anaonekana sokoni, anaugua, anadai, anazeeka. Fasihi yetu imewapenda sana mashujaa walionyongwa na haikuwajali sana waliokufa vitandani. Ningependa mmoja wetu aandike tamthilia ya mzee wa Tigania anayeitazama picha yake mwenyewe katika gazeti.

Alifariki mwaka 1989, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja, na kisheria alikufa akiwa mfuasi wa kundi lililopigwa marufuku. Marufuku hiyo iliondolewa na serikali ya Mwai Kibaki mwaka 2003, miaka hamsini na mitatu tangu iwekwe, miaka kumi na minne baada ya kifo cha Mwariama. Mwaka 2007 sanamu ya Kimathi ilisimamishwa jijini Nairobi. Katiba ya 2010 iliifanya siku ya 20 Oktoba kuwa Siku ya Mashujaa. Mwezi wa Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake mbele ya bunge lake na ikakubali kuwalipa wazee 5,228 waliothibitisha kwamba waliteswa, jumla ya pauni milioni 19.9. Fedha zile zilipogawanywa hazikumtajirisha mzee yeyote, lakini kwa mara ya kwanza aliyekosea alikuwa ametajwa, na aliyekosewa ametajwa, na kitu kimetoka mkono mmoja kwenda mwingine. Mukami, mjane wa Kimathi, hakuungoja msamaha wa aina hiyo. Alichokitaka ni mifupa ya mumewe kutoka Kamiti apate kuizika, akaiomba serikali baada ya serikali, na alipofariki Mei 2023 hakuwa ameonyeshwa kaburi.

Hapa ndipo ninapozikumbuka habari za Mbwaa. Wameru wamekikumbuka kisa kile kwa vizazi na vizazi bila ya kumchukia mtu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaamuru wakisahau. Kilihifadhiwa na wazee, kikafundishwa vijana, kikawa mali. Vita vya Mwariama havikupata nafasi hiyo kwa miaka arobaini. Vilisimuliwa jikoni kwa sauti ya chini, na kila familia ikabaki na kipande chake.

Nilimuuliza nyanya, miaka michache kabla ya kufariki kwake, iwapo amewasamehe majirani wale. Alinijibu kwa Kiembu kwamba hakuna aliyemwomba. Yule mzee aliyekuwa homgadi alipoaga dunia, nyanya alikwenda matangani siku zote nne. Alichota maji, akasonga ugali, akawabembeleza wafiwa. Siku ya maziko mjane wa marehemu alimletea chai yeye mwenyewe, na nyanya akainywa akiwa amesimama uani, karibu na mlango, bila ya kuingia ndani.